Komisionere wa Maneno Yangu

Simu ya kwanza ilinikuta katika chumba cha walimu, saa ya mapumziko, nikisahihisha insha. Mwanamke aliyepiga alizungumza Kiswahili cha Bukavu chenye Kifaransa kingi ndani yake, nikadhani ni mzazi anayetaka kulalamikia alama za mtoto wake. Kumbe alikuwa anapiga kutoka Ulaya. Aliniambia alizaliwa Bukavu, akapelekwa kule akiwa mdogo, na kwamba kazi yake ni ajenti wa waandishi. Alikuwa amesoma hadithi zangu. Mwenzangu mmoja niliyekutana naye kwenye semina ya waandishi kule Kisangani ndiye aliyempelekea, bila hata kuniambia.

"Mama, nimecheka mpaka nimelia," alisema. "Nataka tutumike kazi pamoja. Nitakutumia kontra, mkataba wetu, usome pole pole."

Nilimshukuru, nikasema nitasoma. Kengele ikalia, nikaingia darasani, nikafundisha saa nzima, na sikumbuki nilifundisha nini. Ilikuwa joto lile la Kindu linalotangulia mvua. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mimi nilikuwa nikipima kwa macho umbali kutoka ubaoni hadi mlangoni.

Hadithi zenyewe nilikuwa nimeziandika kwa miaka mingi, baada ya kazi ya shule na kazi ndogo niliyoendelea kuifanya redioni. Zinahusu wanawake wanaouza chakula kwenye gare ya reli hapa mjini. Wanasikia treni inakuja, wanapika, treni haiji, wanakula wenyewe walichopika, wanagombana nani aliyeleta habari ya uongo, kisha wanacheka, na kesho wanapika tena. Nilizichapisha kwa mashine ya mtaani, nikazifunga kwa uzi. Kwetu, mtu anayetaka kusoma kitabu humwomba mwenye nacho, na hivyo ndivyo zilivyosomwa, mkono kwa mkono, mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa.

Jumapili iliyofuata nilivuka mto kwenda Alunguli kwa mama. Nilimkuta amekaa uani anapepeta mchele. Nikamweleza.

"Ajenti njo nini?" aliuliza.

"Ni mutu anachukua maandishi yangu, anapeleka kwa wale wanachapisha vitabu. Anasema nao kwa ajili yangu. Wakikubali, naye anapata kipande chake."

"Kumbe ni komisionere."

Nilicheka. Kindu nzima inawajua makomisionere, wale wanaokutafutia nyumba ya kupanga au mnunuzi wa kiwanja, wakidai chao kwa huyu na chao kwa yule.

"Ndiyo, mama. Komisionere wa maneno."

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na weye unaogopa nini?"

"Sijasema naogopa."

"Umevuka mto na jua hii, hujaomba hata maji. Unaogopa."

Kontra ilifika wiki hiyo hiyo. Mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi kwenye uwanja wa ndege, aliitoa kwenye mashine na kuniletea ndani ya bahasha ya plastiki kama mtu aliyebeba yai. Niliisoma peke yangu mezani, watoto wakiwa shuleni. Ilisema kwamba ajenti atayashughulikia maandishi yangu yote, yaliyoandikwa na yatakayoandikwa. Ilisema kwamba yeye peke yake ndiye atakayeyapeleka kwa wachapishaji, na kwamba sitampa mtu mwingine neno langu bila kupitia kwake. Ilisema kwamba ajenti atalinda maslahi ya mwandishi.

Nilifika kwenye neno hilo la kulinda, nikaifunika ile karatasi kwa sahani.

Lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini mwanamke mzima, mwalimu, aliifunika karatasi kwa sahani.

Miaka ya vita nilikuwa msichana, nimemaliza sekondari juzi juzi, na nilikuwa nimepata kazi katika redio ndogo ya mjini, upande wa kushoto wa mto. Mama na mdogo wangu walikuwa Alunguli, upande wa kulia. Mji ulishikwa na waasi, na wapiganaji wengine waliuzunguka kutoka msituni. Aliyetoka kwenda shambani aliweza kuuawa na hawa kwa kudhaniwa mpelelezi wa wale, au na wale kwa kudhaniwa mpelelezi wa hawa. Treni ilikufa. Mitumbwi ya wachuuzi kutoka Lokandu haikuonekana tena. Watu walikula majani ya viazi mchana na jioni, wengine wakachimba mizizi ya mipapai. Chumvi ilizungumzwa kama jamaa aliyefariki: kila mtu alikumbuka alivyokuwa mwema.

Redioni kulikuwa na jenereta iliyowashwa kwa muda mfupi tu kila siku. Mkubwa wetu alinipa sehemu ya muda huo niwachekeshe watu. Nikatunga mchezo wa watu wawili, Bwana na Bibi. Bwana alikuwa mwoga anayependa kujisifu. Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani, alijipaka mafuta ya mawese mdomoni ili majirani wadhani amekula nyama. Bibi alimwambia, "Paka na ku tumbo, Bwana, nalo lidanganyike." Niliandika migongoni mwa karatasi za zamani za reli, maana karatasi nyingine hatukuwa nazo. Sauti ya Bibi niliifanya mwenyewe. Baada ya muda mfupi nikasikia watu sokoni wakiulizana kwa kicheko, "Na weye leo umepaka?" Sijawahi kufurahi na kazi yangu kama nilivyofurahi siku hizo, na tumbo likiwa tupu.

Siku moja askari wawili waliingia redioni wakauliza nani anaandika mchezo ule. Mkubwa wetu alinitazama, kisha akatazama chini. Walinipeleka kwa komanda wao.

Alikuwa mtu mpole wa sauti, amenyoa vizuri. Alikuwa anakoroga sukari katika chai, na mimi niliangalia kijiko zaidi kuliko nilivyouangalia uso wake.

"Njo weye?"

"Ndiyo, komanda."

"Uko na akili. Mutu wa akili bila mulinzi, mu muji kama huu, anakufa bure. Toka leo mimi njo mulinzi wako. Hutaandikia mutu mwingine. Kila neno linapita kwangu kwanza."

Nikasema asante. Ningesema nini kingine?

Nilihamishiwa katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekuwa amekimbia. Palikuwa na kitanda, meza, karatasi nyeupe ambazo sikujua zilitoka wapi, na bugali kila siku, mara nyingine na samaki. Getini alikaa askari. Watu ninaowasimulia habari hii hufika hapa wakanyamaza kwa namna fulani, wakingoja nifike mahali wanapopafikiria. Komanda hakunigusa. Wengine hawaniamini, na wengine, nadhani, huona kana kwamba nimewanyima kitu. Alichotaka kwangu ni maneno, na maneno aliyapata.

Alikuja mwenyewe, akakaa upande wa pili wa meza, nikamsomea. Mwanzoni alisahihisha kidogo tu. Bwana asiwe mwoga, kwa sababu mwanaume hachekwi kwenye redio ya mji wake. Baadaye Bwana akawa askari. Baadaye akawa askari shujaa. Kisha siku moja komanda akaweka kidole kwenye mstari wa Bibi.

"Huyu mbona anajibu?"

"Ni tabia yake, komanda. Watu wanapenda akijibu."

"Bibi wa askari hajibu."

Tangu hapo Bibi akawa anasema "Ndiyo, Bwana." Nilipelekwa redioni chini ya ulinzi, nikasema "Ndiyo, Bwana" ndani ya mikro, nikarudishwa. Komanda alicheka sana kila niliposoma, alicheka kwa moyo wote, na kicheko kile ndicho kilichonitisha kuliko bunduki ya pale getini, kwa sababu nilianza kukisubiri. Niliandika nikimfikiria yeye tu atacheka wapi.

Kutoka dirisha la nyuma niliona mto, na ng'ambo yake Alunguli. Kuvuka kulikatazwa. Asubuhi moshi ulipopanda kutoka katika nyua za kule, nilijaribu kubahatisha upi ni wa kwetu. Mara moja tu niliomba ruhusa ya kumwona mama. Komanda alinijibu kwa upole ule ule.

"Mama yako iko salama sababu weye unaandika muzuri."

Sikuomba tena.

Kisha akaondoka. Ndege ilimchukua asubuhi, akahamishiwa kwingine, na hakuna aliyeniambia mimi wala yule askari wa getini. Chakula kikaacha kuletwa. Askari akaja mpaka barazani, akaniuliza kama nimebakiza kitu cha kula. Sikuwa nacho. Mchana huo alitundika bunduki begani akaenda kutafuta mihogo, akaliacha geti wazi.

Nilisimama barazani nikaiangalia barabara. Mama mmoja alipita amebeba beseni kichwani, hakugeuka. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikarudi ndani, nikakaa mezani, nikaendelea kuuandika mchezo wa juma lile, Bwana akiwa shujaa kama alivyotakiwa. Nililala pale, nikaamka, nikaandika tena. Askari hakurudi. Aliyenitoa ni mkubwa wangu wa redio, aliyesikia kwamba komanda amekwenda akaja kunitafuta.

"Unafanya nini hapa? Yule alisha kwenda."

"Sijamaliza," nilimwambia.

Akanishika mkono kama mtoto, tukavuka barabara.

Njia ya mto ilipofunguliwa nilimkuta mama amekonda, mikono imebaki mifupa, lakini yu hai, na mdogo wangu yu hai. Jirani alikuwa na redio, na betri walizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Mama aliniambia, "Nilijua uko uzima sababu nilikusikia. Na nilijua umefungwa."

"Ulijuaje?"

"Bibi aliacha kujibu."

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa chini ya sahani, pamoja na kontra.

Najua ajenti si komanda. Nilijua hata wakati ule. Nilijiambia hivyo kila asubuhi nikienda shule, na kila jioni nilifunua karatasi, nikasoma "peke yake" na "kupitia kwake", nikaifunika tena. Kulikuwa na kifungu cha kutoka: kila upande unaweza kuvunja mapatano kwa kuandika na kungoja miezi michache. Nilikisoma mpaka nikakijua kwa moyo. Nilikisoma kama mtu anavyosoma habari ya nchi asiyoamini kwamba ipo.

Na huku mtaa mzima ulikuwa unajua. Mdogo wangu hakuweza kuzuia ulimi wake. Prefe wa shule, mkuu wetu, alinipongeza mbele ya walimu. Wanawake wa gare, ambao hadithi zinawahusu, waliniuliza nasafiri lini, na kama huko Ulaya nitapata nyumba yenye ghorofa. Nikisema bado sijasaini, walidhani ninaficha ili nisiombwe kitu.

Mdogo wangu, anayeniita yaya kama dada mkubwa, alikasirika kweli. "Yaya, watu wanatafuta bahati kama hii mpaka wanazeeka," aliniambia, amesimama mlangoni na nguo zake za kazi. "Weye unaletewa mu mukono, unaikalia kama kuku!"

"Nafikiri."

"Miezi hii yote? Unafikiri nini?"

Alikuwa mdogo sana wakati wa vita. Anakumbuka njaa. Ile nyumba haikumbuki, kwa kuwa hakuiona.

Nisiposaini, nilijiona nimekwama Kindu na hadithi zangu zilizofungwa kwa uzi, nikingoja kama wanawake wangu wa gare. Nikisaini, nilijiona nimerudi kwenye meza ile. Ubaya zaidi, niliacha kuandika. Kila nilipoanza sentensi nilijiuliza, yule dada wa Ulaya atacheka hapa? Na nikishajiuliza hivyo, sentensi ilikufa.

Kisha akaja mwenyewe. Alikuwa amefika Bukavu kumwona shangazi yake mgonjwa, akapata nafasi katika ndege, akanipigia simu akiwa tayari yuko uwanjani Kindu, mdogo wangu amesimama kando yake anatabasamu kama aliyeoa. Nilitegemea kuona mwanamke mkubwa. Alikuwa mdogo kwangu, mwembamba, amevaa viatu vya mpira kwa ajili ya matope, na uso umechoka. Sikujua nimpeleke wapi. Nikampeleka kwa mama.

Katika mtumbwi wa mota alishika kingo kwa mikono yote miwili mpaka tukagusa ng'ambo.

Mama alimpokea, akampa kiti kizuri, akampa maji, akauliza habari za shangazi na za njia. Tukala wali na sombe, majani ya mihogo. Baada ya kula mama akanawa mikono, akajipangusa, akamgeukia.

"Binti yangu, weye njo unataka kulinda mutoto wangu?"

Ajenti alishangaa kidogo. Akanitazama, kisha akaelewa kwamba neno hilo limetoka kwenye kontra. "Ile ni maneno ya baavoka, watu wa sheria, mama. Mimi silindi. Mimi nauza vitabu. Nikishindwa kuuza, sipati kitu, naye hapati kitu."

"Na akiandika kitu weye hupendi?"

"Nitamuambia sikipendi."

"Kisha?"

"Kisha ni yeye ataamua. Jina lake njo litakuwa pale juu."

"Na akichoka na weye?"

"Anaandika kwamba amechoka, tunangoja ile miezi, anaenda."

"Na weye utafanya nini?"

Yule dada alicheka kidogo, halafu akaona kwamba mama hacheki. "Nitasikitika, mama. Nitafanya nini ingine?"

Mama akanigeukia. "Umesikia?"

Nilikuwa nimesikia. Masikio yangu yalisikia vizuri sana.

Tulipokuwa kando ya mto tukingoja mtumbwi ujaze watu, ajenti aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna kitu kilikupata, eeh?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ufupi: komanda, nyumba, meza, geti. Wanawake wenye mabeseni ya samaki walipita kati yetu mara kwa mara, na kila walipopita nilinyamaza. Nilikuwa naangalia uso wake wakati wote. Nilikuwa nangoja kuona macho yakiwaka, yale macho ya mtu aliyeona biashara, ili nijue, nimalize, nirudi nyumbani. Sikuyaona. Labda aliyaficha, maana ni mfanyabiashara na alikuwa amejieleza wazi kwamba ni mfanyabiashara. Mpaka leo sijui.

Nilitafuta kalamu ndani ya mfuko niliobebea kontra. Nilitaka liishe. Akanishika mkono.

"Usisaini leo," alisema. "Ukisaini sababu niko mbele yako, utanichukia."

Akaondoka kesho yake.

Ningependa kusema kwamba baada ya pale nilikuwa nimepona. Ilipita miezi mingine. Yeye alipiga simu mara chache, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mama, hakuuliza kontra. Kisha akaacha kupiga, na mimi nilipaswa kufurahi, lakini nikajikuta ninachungulia simu darasani, kitu ninachowakataza wanafunzi. Nikaanza kujua kwamba nikikaa hivi, komanda ndiye atakayekuwa amenijibia. Yeye hayupo, sijui kama yu hai, na bado kila neno linapita kwake kwanza. Wazo hilo halikunipa ushujaa wowote. Lilinitia hasira tu, na hasira ilinitosha kubonyeza namba ya ajenti.

"Sitaki michezo ya redio iingie," nilimwambia kabla ya salamu. "Ile ni ya redio ya hapa. Na sitaki maneno ya 'yatakayoandikwa'. Kitabu hiki kimoja tu."

"Michezo ya redio, sawa, tunaitoa," alisema. "Lakini kitabu kimoja hapana, mama. Nitahangaika miaka juu ya kitabu kimoja? Vitano."

"Kimoja."

"Vitatu."

"Hiki na kinachofuata. Kisha tutaona."

Nikasikia magari ya mji wake. "Hiki na kinachofuata," alisema. "Uko mugumu! Wanawake wa gare wamekufundisha."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Nilikuwa nimebishana bei kama mtu anayenunua ndizi, na hakuna kilichotokea. Kwa komanda hakukuwa na bei ya kubishania. Tofauti hiyo niliielewa mwilini kabla ya kuielewa kichwani.

Nilisaini katika chumba cha walimu, kwa kidole, kwenye simu ya mdogo wangu, maana yangu ilikataa kufungua karatasi yenyewe. Saini ilitoka kama mnyoo uliokanyagwa. Mdogo wangu alipiga kelele za furaha, walimu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo, nikanawa uso, nikaingia darasani.

Kitabu kilikataliwa na wachapishaji wengi. Ajenti alinitumia majibu yao yote, hata yale ya mstari mmoja. Baadaye nyumba moja ndogo ya uchapishaji ilikikubali, kikatafsiriwa kwa Kifaransa. Sikusafiri, viza haikupatikana. Nakala zilizotumwa zilichelewa sana njiani, zikanifikia kona zimepigwa na mvua. Niliwapelekea nakala moja wanawake wa gare. Hawakuweza kukisoma kwa Kifaransa, wakaniomba niwasomee ya Kiswahili tena, ile ya uzi.

Lakini kabla ya hapo, kitabu kilipokuwa karibu kutoka, ujumbe uliingia kwenye simu yangu. Ajenti aliandika kwamba mchapishaji mkubwa wa nchi nyingine anatafuta kumbukumbu ya mwanamke wa Kongo aliyepitia vita. Hakuwa amemwambia mchapishaji huyo chochote. Alikuwa anauliza tu kama ningependa kuyaandika yale niliyomwambia kando ya mto, kitabu cha pili kiwe hicho.

Nilikuwa jikoni. Nikaandika jibu refu la kuomba msamaha, nikalifuta. Nikaandika kwamba labda baadaye, nikafuta. Nikaandika "Hapana", nikatuma, nikaifunika simu kwa kitambaa cha jikoni, nikaondoka pale.

Alijibu haraka. "Sawa. Nitamwambia hapana." Na chini yake, katika ujumbe mwingine, akauliza kama rangi ya jalada inanipendeza, au inafanana mno na kopo la nyanya.

Nilisoma ujumbe ule wa kwanza mara nyingi. Kwa siku kadhaa nilingoja sehemu yake iliyobaki. Nilidhani atapiga simu, sauti imebadilika. Nilidhani kitabu kitacheleweshwa, nitaambiwa kuna tatizo kidogo. Haya ninayoyaandika sasa nimeyaandika kwa wakati nilioutaka, kwa Kiswahili, hayamo katika hesabu ya vitabu viwili, na hata hivyo nimeinua kichwa mara kadhaa kutazama mlango.

Jumapili baada ya jibu lile nilivuka kwenda kwa mama. Alikuwa anachambua mchele, akitoa vijiwe. Nikamweleza yule mchapishaji mkubwa alitaka nini.

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema hapana."

"Naye?"

"Alisema sawa."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Sawa tu?"

"Sawa tu."

Alinitazama kama anayetafuta iwapo kuna kingine. Kisha akaurudia mchele wake.

"Basi kaa," alisema. "Chakula iko karibu kuiva."

Nikakaa. Simu niliiweka juu ya mkeka, karibu na goti langu, ikiangalia juu, bila kuifunika.